Jiwe la Juu na Ndoo ya Kisimani

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani alikuwako mfumaji wa nguo aitwaye Mshamu bin Athumani, mcha Mungu aliyejihadhari mno na haramu. Akipewa maji ya kunywa katika nyumba ya watu, huuliza kwanza yametekwa wapi. Kasoro yake ilikuwa moja: jicho alilopewa ajikague nafsi yake aliwageuzia wenziwe, na jicho hilo halikujua usingizi.

Mshamu alinunua nyumba kwa Mwana Tatu, mjane aliyewasomesha Kurani mabinti wa mtaa, na riziki yake ilikuwa ni hiyo tu. Alichokipendea nyumba ile ni kijaa, yaani mawe mawili ya kusagia nafaka yaliyokuwa jikoni. Jiwe la chini lilijengewa sakafuni kwa chokaa. La juu liliwekwa juu yake na kuzungushwa kwa mpini. Mkewe, Hidaya, alikuwa akiwasagia watu mtama kwa ujira.

Siku mjane alipohama, Mshamu alisimama mlangoni tangu asubuhi akiwakagua wachukuzi. Kilipita kitanda, akakitazama juu na chini. Yakapita majamvi, ukapita mtungi, likapita sanduku.

"Mbona sanduku zito hivyo?"

"Vitabu, bwana," mchukuzi akajibu huku akihema. "Wataka nilitue usome?"

Mshamu hakucheka. Wachukuzi walipokwisha aliingia jikoni, akalikuta jiwe la chini peke yake, limekaa wazi kama kinywa cha kibogoyo. Jiwe la juu halikuwako. Papo hapo akalikumbuka lile sanduku, na moyoni mwake kesi ikawa imekwisha kukatwa.

Kesho yake mlango ukabishwa. "Hodi wenyewe! Ni mimi, Mwana Tatu."

Mshamu alichungulia kwenye upenyo wa dirisha, akamwashiria mkewe anyamaze. "Amekuja kuchukua la chini," alinong'ona.

"Lile lililojengewa?" Hidaya akanong'ona naye. "Ataling'oa kwa meno?"

"Nyamaza, mke wangu. Huwajui watu."

Mjane alibisha tena, akangoja, akaenda zake. Siku ya tatu alirudi baada ya sala ya alasiri, na Mshamu akasimama nyuma ya mlango vilevile, pumzi ameibana, mpaka alipozisikia nyayo zikififia.

Jioni ile alikwenda kwenye baraza ya msikiti akawaambia watu: "Waungwana, chungeni nyumba zenu. Anayewafundisha mabinti zenu amana ndiye aliyenibebea jiwe langu sandukuni." Neno likatembea. Kabla ya Ijumaa, baba watatu walikuwa wamewatoa binti zao katika chuo cha Mwana Tatu, naye hakuwa na wanafunzi ila saba.

Ndipo Mshamu alipompeleka kwa Kadhi, Shee Mahadhi, mzee wa maneno machache.

"Shehe," alisema Mshamu, "kilichojengewa katika nyumba huuzwa pamoja na nyumba. Na jiwe la juu, ingawa hunyanyuliwa, humfuata mwenziwe wa chini, kama ufunguo unavyolifuata komeo la mlangoni."

"Umesema kweli. Jiwe ni lako," alisema Kadhi. Kisha akamgeukia mjane. "Liko wapi, bibi?"

"Kwa mchonga mawe, Shehe. Lilikuwa limelika, unga ukitoka na mchanga. Niliogopa kumuuzia mtu kitu chenye ila nami naijua. Nililipeleka siku mbili kabla ya kuhama, likachongwe upya, na ujira nimelipa mimi. Limekwisha jana. Nilikwenda nyumbani kwake kesho yake ya kuhama kumwarifu liko wapi, sikufunguliwa."

Lakini jicho la Mshamu halikukubali kufumba. "Kama ni habari ya jiwe tu, mbona ulirudi mara ya pili?"

"Nilikuwa na shida nyingine, mwanangu. Ndogo."

"Ipi?" aliuliza Kadhi. Mjane akainama. "Bibi, hapa ni mahali pa kusema."

"Ndoo yangu ya ngozi na kamba yake. Nilizisahau kisimani uani. Tangu hapo nateka kwa ndoo ya kuazima."

"Mbona hukuja kushtaki?"

"Nilimtafutia udhuru, Shehe. Nilisema, huenda hawajaiona."

Kadhi alimgeukia mfumaji. "Bwana Mshamu, leo umetawadha kwa maji ya wapi?"

"Ya kisima cha uani."

"Kwa ndoo ipi?"

"Ndoo ya nyumba," alijibu Mshamu.

"Kisima ni cha nyumba," alisema Kadhi. "Ndoo ni kama kitanda: hunyanyuliwa ikaenda na mwenyewe, ila mkishartiana. Mlishartiana?"

"La."

"Basi nyumba haina ndoo."

Mtu yule aliyeuliza kila maji yametekwa wapi, siku saba zilimpita asijiulize anateka kwa chombo cha nani. Alipiga magoti mbele ya mjane. "Niwie radhi, mama."

"Ya ndoo nimekusamehe," alisema Mwana Tatu. "Lakini neno lililowatoa mabinti hukuniambia mimi. Uliwaambia watu barazani."

Mshamu alilielewa neno lile. Adhuhuri, jua likiwa utosini, alipita mtaani na ndoo begani, kamba ikiburuzika nyuma yake. "Bwana Mshamu, waenda kuteka wapi?" watu walimtania. Naye kila baraza alisimama akajibu: "Narudisha. Mwizi nilikuwa mimi, na yule bibi nilimsingizia." Alisema hivyo mpaka sauti ikampwelea.

Jiwe lilirudi jikoni, na unga wa Hidaya ukatoka laini. Ndoo ililala kwa mwenyewe usiku ule. Mabinti wawili walirudi chuoni. Wa tatu hakurudi. Babake alisema palipofuka moshi hapakosi moto.

Wazee wetu walipokisimulia kisa hiki walimweka binti huyo wa tatu mwisho, kisha wakaomba dua. Dua yao ilikuwa fupi: Ewe Mola, tuonyeshe kilichomo mikononi mwetu kabla hatujachungulia mizigo ya wenzetu.