Magunia Yasiyo ya Marehemu

“Kinu kikifa, mpunga hauzikwi.” Mmelisikia neno hilo leo kwenye mkutano wa chama cha umwagiliaji, katibu alipokuwa akieleza kwa nini hapokei tena mpunga wa mtu bila stakabadhi, mkacheka. Sasa mmenijia mnataka kujua ni wazee gani wa kale waliolitunga. Hakuna cha wazee wa kale. Neno lenyewe lina miaka ishirini na minne tu, lilizaliwa hapa hapa Usangu, na mimi nilikuwepo. Kaeni niwaambie, na mtanisamehe nikipandisha sauti, maana jambo hili mpaka leo linanichoma.

Mnalijua lile jengo la mabati mekundu pale barabarani wanapouza saruji. Hapo palikuwa na kinu cha kukoboa mpunga cha kampuni iliyoitwa Bonde Jema, na mkurugenzi wake alikuwa Bwana Gaitani. Mimi nilikuwa mtunza ghala. Desturi ya vinu vyetu ilikuwa hivi: mkulima akivuna analeta mpunga ghalani, unakaa bure, na bei ikipanda anaukoboa palepale na kuuza mchele. Kinu kinapata ujira wa kukoboa na pumba. Hatukuandikiana. Kila nyumba ilikuwa na mshono wake wa mdomo wa gunia, huyu kwa kamba nyekundu, yule kwa mafundo matatu pembeni, na mimi niliyajua magunia ya watu kama mchunga ng’ombe anavyojua kundi lake. Tukaona karatasi za nini, na hilo lilikuwa kosa letu sote.

Mwaka huo Bwana Gaitani alikuwa amekopa benki fedha nyingi, akanunua malori manne, na deni likamshinda. Mwezi wa nne benki ilimwandikia kwamba kinu kitakamatwa. Barua niliiona mezani kwake kwa macho yangu. Mtu mwenye haya angefunga geti. Yeye, mwezi wa sita, wakati wa mavuno, alikodi gari la matangazo lipite kijiji kwa kijiji likisema leteni mpunga Bonde Jema, ghala letu ni salama. Na huku gari likipiga kelele, yale malori yakahamishiwa kimyakimya kwenye kampuni mpya ya shemeji yake. Alijua kampuni inakata roho, akaendelea kupokea jasho la watu. Mwizi wa kuku hapa kijijini hupigwa mawe, lakini mwizi wa namna ile alikuwa anakaribishwa kiti cha mbele kwenye kila harusi.

Mwezi wa nane aliniita akaniamuru nifungue magunia mia mbili ya wakulima, niyamwage kwenye lundo la kampuni. Alisema kuna tajiri anataka mchele haraka, na wenyewe watarudishiwa baada ya wiki mbili. Nikayafungua. Nilikuwa na mshahara wa kulinda, na nilimwogopa. Mchele ukaondoka, fedha zake sikuziona zilikokwenda.

Mwezi wa kumi kampuni ikatangazwa mufilisi. Mahakama ikamleta mfilisi wa kukusanya mali na kulipa wadai, Bwana Kamugisha, mtu mtaratibu asiyependa kelele. Alifunga ghala kwa kufuli lake, akaorodhesha kila alichokikuta: mashine, mizani, viti, na magunia elfu moja mia moja na arobaini. Yote akayaandika kuwa mali ya kampuni.

Kati ya magunia hayo, arobaini na sita yalikuwa ya mama mmoja aitwaye Subilaga, ambaye wengi tunamwita Mama Lugano. Kwa miaka tisa alikuwa akilima eka mbili za kukodi kando ya mfereji, na mwenye shamba alikuwa amekubali kumuuzia. Alimpa mpaka mwisho wa mwezi wa kwanza. Akichelewa, shamba linakwenda kwa mtu wa mjini aliyekwisha kuja na kamba ya kupimia. Kwa hiyo kufuli lile lilikuwa limefungia shamba lake.

Bwana Kamugisha akaitisha mkutano wa wadai hapo hapo kinuni, kwenye sakafu ya kuanikia mpunga. Akatueleza foleni ilivyo: benki iliyoshika rehani, gharama za ufilisi, mishahara, kodi, na mwisho kabisa wadai wa kawaida. Kisha akagawa fomu za kudai. Watu wakajipanga wakajaza, wengine wakaweka dole gumba na kushukuru. Hakuna aliyewaambia kwamba ukijaza fomu ile ni kama umekubali kuwa mpunga ni wa kampuni, nawe ni mdai tu, mkiani mwa foleni. Nikiwakumbuka walivyokuwa wakishukuru, nasikia hasira upya. Mama Lugano alipopewa yake, aliisoma yote, akairudisha mezani.

“Mama, kampuni imekufa,” Bwana Kamugisha akamwambia kwa upole. “Jaza kama wenzako, upate chochote kitakachobaki.”

“Poleni kwa msiba,” akajibu. “Ila mimi simdai marehemu. Nimefuata changu.”

Akamweleza kwamba huku kwetu, siku ya kuanua matanga, msemaji wa familia huuliza maswali mawili. Kwanza huuliza nani alikuwa akimdai marehemu, na hao husubiri mali ikusanywe. Halafu huuliza nani aliacha kitu chake kwa marehemu. Aliyemwazimisha jembe, au aliyelaza ndama wake zizini mwake, huyo hasubiri. Husimama, hukionyesha kitu chake, akapewa mbele ya watu kabla mrithi yeyote hajagusa kijiko. “Wewe umeuliza swali moja tu, baba,” akamwambia.

“Kisheria, kila kilichomo ndani ya uzio huu kinahesabiwa kuwa cha kampuni mpaka ithibitishwe vingine.”

“Basi na koti lako uliloning’iniza kwenye msumari wa kinu liandike.”

Watu wakacheka. Mama Lugano mwenyewe hakucheka. Alisimama palepale mbele ya meza, kanga imekazwa kiunoni, akauliza taratibu, “Kinu kikifa, mpunga huzikwa nacho?”

Bwana Kamugisha aliligeukia koti lake, akalitungua msumarini. Kisha akasema hawezi kutoa hata gunia moja bila amri ya mahakama. Simlaumu sana, alifuata karatasi alizopewa. Ninachouliza ni kwa nini karatasi hizo humkuta haraka aliyelima, na aliyekula humtafuta miaka.

Mama Lugano akaenda Mahakama Kuu na wenzake thelathini, wakiwakilishwa na wakili kijana aliyekubali kulipwa baada ya kesi. Bwana Gaitani alinitumia mtu kunikumbusha kwamba ghala likiwa na mashaka, wa kwanza kufungwa ni mtunza ghala. Nilikwenda kutoa ushahidi hivyo hivyo. Nilisema yote mbele ya jaji: barua ya mwezi wa nne, gari la matangazo, malori ya shemeji, na kisu nilichofungulia magunia. Jaji, mwanamke asiye na maneno mengi, alimtaka kila mkulima aeleze mshono wake kabla ya kuona gunia lolote. Kisha magunia yakaletwa, na hakuna aliyekosea.

Hukumu ilisomwa katikati ya mwezi wa kwanza. Jaji alisema kampuni ilikuwa mtunzaji tu, na amana haigeuki kuwa mali ya aliyeitunza kwa sababu tu ameishiwa. Magunia yote yenye mshono yarudi kwa wenyewe, waliojaza fomu na wasiojaza. Malori yarudishwe, kwa kuwa yalihamishwa ili yasipatikane. Na kwa mpunga uliomwagwa, Bwana Gaitani alipe mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, asijifiche nyuma ya jina la kampuni, kwa maana aliupokea akijua haiwezi kuurudisha. Hukumu ilikuwa ndefu. Watu walipotoka nje waliifupisha kwa lile swali la Mama Lugano, wakaligeuza jibu, na neno likaenea bonde zima. Yeye mwenyewe aliuza mchele wake haraka, akamlipa mwenye shamba siku nne kabla ya mwezi kwisha. Mpaka leo analima pale.

Mnadhani hadithi imeishia hapo, mkapige makofi. Bado. Wako wakulima kumi na mmoja ambao mpunga wao niliumwaga, na mpunga uliomwagwa hauna mshono wa kuonyesha. Hao walibaki wadai. Malori yalirudi yakiwa yamechakaa. Bwana Gaitani alikata rufaa, akashindwa, akaomba muda, akapewa. Miaka mitatu baadaye walilipwa theluthi moja ya bei ya mpunga wao, naye wakati huo alikuwa amekwisha kufungua sheli ya petroli huko mkoa mwingine.

Majina ya wale kumi na mmoja sikuwatajia, kwa kuwa naona aibu kuwatazama ninyi usoni. Mmoja wao alikuwa mzee Jengela, babu yenu, baba wa mama yenu. Magunia yake thelathini na mawili niliyafungua kwa mkono huu. Alinisamehe kabla hajafariki, na sikustahili. Mama yenu hakuacha shule kidato cha pili kwa kushindwa masomo, kama mnavyodhani. Ada yake ilikuwa ndani ya magunia yale.

Kwa hiyo mkilisikia tena neno hili, msilicheke. Kinu kikifa, mpunga hauzikwi. Wa babu yenu tuliuzika kinu kikiwa bado kinanguruma.