Siku Bibi Nyanzobe Alipompigia Mihambo Goti

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Mvua hii haituachi twende popote, na karanga hizi hazitajimenya zenyewe. Mnanisikia?

"Tunakusikia, babu!"

Basi ilikuwa enzi zile, mawe bado laini, fisi akibisha hodi kabla ya kuingia zizini. Enzi hizo palikuwa na watu wa Miambani, huko juu penye majabali, na watu wa Mbugani, huko chini penye mawele. Mtemi wao mmoja, mvua yao moja. Tena walikuwa watani.

Utani mnaujua? Hamjui kitu nyinyi. Mtani akikutukana, unacheka. Mtani akimkamata kuku wako, unamtafutia kamba ya kumfungia. Na ukifa, mtani ndiye anayekuja kukuzika, maana ndugu zako macho yamejaa machozi, hawaoni hata jembe liko wapi.

Miambani aliishi kijana mmoja, Mihambo. Mrefu, mpole, miguu mikubwa hiyo, akipita kuku wanahama. Mtani wake alikuwa Bibi Nyanzobe wa Mbugani, mjane, nyumba yake ya kwanza kabisa ukishuka majabali. Tangu Mihambo hajaota meno, bibi yule alimwita mtumwa wangu. "Mtumwa wangu, umekula? Mtumwa wangu, hiyo miguu umeazima kwa tembo?" Mihambo akicheka mpaka anashika mbavu. Alimpenda bibi yule, nawaambia. Alimpenda sana.

Baba yake Mihambo akafa. Bibi Nyanzobe akapanda Miambani, akavaa vazi la ngozi la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, mbele ya waombolezaji wote. "Bahili huyu!" akasema. "Hata pumzi yake ya mwisho kaitoa kwa shida!" Watu wakacheka huku wanalia. Mihambo akacheka, na kwa kicheko kile akaweza kusimama, akaweza kutupa udongo kaburini. Bila bibi yule angeanguka.

Sasa msikilize. Kulikuwa na mtu Miambani jina lake Lugusha, aliyekitaka kiti cha mtemi. Mnadhani alisema nakitaka kiti? Thubutu! Angesema hivyo, watu wangemwambia nenda ukakichonge. Alijua watu wenye hasira hutafuta kiongozi, akapita nyumba kwa nyumba, mtu mtaratibu, anakula kidogo, anasikiliza sana. Akafika kwa Mihambo.

"Pole kwa msiba, mdogo wangu."

"Tumeshapoa, kaka."

"Yule mwanamke wa Mbugani alivaa ngozi ya baba yako."

"Ndiyo, alivaa."

"Akamwita bahili, maiti haijazikwa."

"Ndiyo, alimwita."

Lugusha akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga. "Na wewe ukacheka?"

Mihambo akatazama chini. Lugusha akaaga, akaenda nyumba ya pili. "Walimchukua kuku wako, na wewe ukacheka?" Akaenda ya tatu. "Walimwita mama yako kibogoyo, na wewe ukacheka?" Nyumba hii na ile, swali ni hilo hilo. Akiondoka, mwenye nyumba anabaki anajitazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Aibu, wajukuu zangu, ni kitu kizito. Mtu hataki kukaa nayo, anatafuta wa kumtwisha.

"Babu, si Mihambo angemwambia tu kwamba ule ni utani?"

Umesema vizuri, Shija, na usiache kumenya. Kila mmoja alikuwa na la kusema, lakini kila mmoja aliulizwa peke yake, ndani kwake. Hakuna aliyejua kwamba jirani naye ameulizwa.

Ndipo Lugusha akawaita wote pamoja. "Wanatuita watumwa!" Na kweli waliitwa, tangu enzi za babu zao, na babu zao walicheka. Sasa wakanguruma. "Mkishuka huko, watawaamkia! Watawapigia magoti! Na atakayecheka njiani ni msaliti!" Mihambo akanguruma kuliko wote. Kwa sauti yake kubwa na miguu yake mikubwa, wakamweka mbele.

Wakashuka asubuhi, mawele yameshavunwa. Mihambo mbele, mkuki mkono huu, kinga cha moto mkono ule. Bibi Nyanzobe alikuwa uani anapepeta. Akainua macho.

"Loo! Watumwa wangu leo wengi! Mmekuja kunipepetea?"

Mihambo alisikia kicheko kinapanda kooni, akakimeza. Bibi akamtazama huyu, akamtazama yule. Akaona mikuki. Akaona moto. Akaweka ungo chini polepole, akapiga magoti, yeye mzee, mbele ya kijana aliyemjua tangu hajaota meno.

"Shikamoo, bwana," akasema.

"Bibi, ni mimi. Mihambo."

"Nakuona, bwana."

"Nitukane, bibi."

"Siwezi, bwana."

"Nitukane kama siku zote! Sema miguu yangu, sema chochote!"

"Nakuomba nimtoe mbuzi ndani, bwana. Mbuzi hana kosa. Kisha mchome."

Sauti ya Lugusha ikatoka nyuma, mbali, juu ya jabali: "Umeona, Mihambo? Sasa wanakuheshimu! Choma!"

Mihambo akageuka. "Shuka uchome wewe!"

"Mimi nikishuka, nani atawaongoza?"

Watu wakatazamana. Lakini kijana mmoja, damu imemchemka, akampokonya Mihambo kile kinga, akakitia kwenye kihenge cha bibi, ghala lake la nafaka. Mawele ya mwaka mzima! Mihambo akatupa mkuki, akauvamia moto kwa mikono mitupu, wengine nao wakakimbilia mitungi. Wapi! Kihenge kikateketea. Wakabaki wamesimama kwenye majivu, hakuna anayeweza kumtazama mwenzake. Huko juu jabalini Lugusha hayupo. Tulisikia alihamia nchi nyingine, kwenda kuwauliza na wa huko kwa nini wanacheka.

Vita ikaishia hapo. Lakini ya Mihambo haikuisha. Alileta mawele kutoka kihenge chake mwenyewe. Bibi akapokea. "Ahsante, bwana." Mihambo akaanza kumfumia kihenge kipya, mikono imejaa malengelenge. Bibi akamletea maji kwenye kibuyu. "Karibu maji, bwana." Na Mihambo akayanywa kama dawa chungu. Kila alipokuja, shikamoo bwana. Kila alipoondoka, nenda salama, bwana. Heshima ile ilimkondesha, nawaambieni, mpaka miguu ikaonekana mikubwa zaidi.

Siku ya kukandika ikafika. Mihambo akakandika udongo kutwa nzima. Bibi Nyanzobe akatoka, akakizunguka kihenge. Akakizunguka tena. Akabana midomo.

"Mihambo."

"Naam, bibi."

"Hiki ni kihenge au mlevi anatafuta ukuta? Panya wa kwanza kupanda humu atateguka kiuno."

Mihambo akaketi pale pale kwenye tope, akaficha uso kwa mikono yenye udongo, akalia kwa kwikwi.

"Haya, sasa analia!" bibi akafoka, na sauti yake mwenyewe inatetemeka. "Na upande wa pili atanikandikia nani, baba yako bahili?"

Wajukuu zangu, anayetaka kuwatuma mkaue hatawaambia kaueni. Ataanza kwa kuwatia aibu kwa kile mnachokipenda. Mtu akija kukuuliza kwa nini ulicheka na mwenzako, usimjibu peke yako ndani. Toka nje, mwite mwenzako huyo, na aliyekuuliza aulize tena mbele yake.

Mimi nimeufunga mlango wa kisa. Anayekitaka akakisimulie kwao, na akiongeza chumvi, chumvi iwe yake.