Vigae Vitatu vya Mtemi wa Isenga

Paukwa!
Pakawa!
Mmekaa vizuri?
Tumekaa!
Basi masikio yasogezeni, miguu iacheni hapo ilipo.

Hapo kale, katika nchi ya Isenga, palikuwa na pori lenye mbogo wanono. Mtemi wa Isenga hakutaka waishe. Kila kiangazi alitoa vigae vitatu vya chungu chekundu, basi. Kigae kimoja, mbogo mmoja. Asiye na kigae haingii porini, awe mwenyeji, awe mgeni, awe shemeji yake mtemi.

Alikuwapo kijana mmoja wa hapohapo, Mihayo. Mihayo alimpenda Kabula, na Kabula alimpenda Mihayo, hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwa baba yake Kabula, Mzee Lugendo, aliyekaa ng'ambo ya milima. Mzee yule alitaka karamu ya harusi iwe ya nyama ya mbogo. Si ya mbuzi, si ya ng'ombe. Ya mbogo.

Mwaka wa kwanza Mihayo akaenda kuomba kigae. Akakuta wageni wamemtangulia. Walitoka nchi ya chumvi, wakiongozwa na Luhaga, mtu mwenye kicheko kikubwa. Waliitua mizigo ya chumvi mbele ya mtemi, wakasema wanataka pembe na ngozi. Mtemi akaonja chumvi, akalamba vidole, akawapa vigae vyote vitatu. Mihayo akavuka milima mikono mitupu.

"Nyama iko wapi, kijana?" akauliza Mzee Lugendo.

"Baba, vigae wamechukua wageni."

"Basi na mke utamchukua mwakani."

Mwaka wa pili wenyeji wakaja juu. "Mbogo hawa wanakanyaga mashamba yetu sisi, halafu anayewinda ni mtu wa mbali?" Mihayo alipiga kelele kuliko wote, na mimi simlaumu. Mtemi akaona haya, akawapa wenyeji vigae vyote vitatu, na kimoja akakipata Mihayo. Wageni wakajitwika chumvi yao, wakarudi kwao wamenuna.

Mihayo akaua dume la haja. Akalikata, akawatwika rafiki zake, akashika njia anaimba. Haya, mniitikie:

Kabula, bandika chungu! *Naja!*
Kabula, tandika mkeka! *Naja!*
Kabula, mwambie baba! *Naja!*

Lakini jua lilikuwa kali, na chumvi ya kukaushia nyama, jamani, iliondoka na Luhaga. Mlima wa kwanza nyama ikaanza kutoa harufu. Mlima wa pili wakaja nzi. Mlima wa tatu wabebaji wakawa wanatembea wamegeuza nyuso.

"Nyama iko wapi, kijana?"

"Hii hapa, baba."

Mzee Lugendo akaziba pua. "Umeniletea mbogo au umeniletea nzi? Sikiliza. Mwakani ukishindwa, Kabula anaolewa na mwingine. Wanaoposa wapo."

Kabula akalia. Mihayo naye akalia, tena bila kujificha. Kule Isenga hali haikuwa afadhali. Nyama ya vigae vile viwili vingine iliozea uani, na mwaka mzima watu walikula mchicha usio na chumvi. Nyie mmewahi kuula? Aliyefurahi Isenga nzima ni fisi peke yake.

Mwaka wa tatu wageni wakarudi. Sasa Isenga kuna desturi: mmoja wa waliowinda mwaka uliopita ndiye anayekabidhiwa ungo wa vigae tangu asubuhi, aulete barazani mchana. Safari hii ungo ulikuwa kwa Mihayo.

Baraza likajaa. Wenyeji wakasema, vyote vitatu vyetu. Wageni wakasema, vyote vitatu vyetu, au chumvi hamuioni. Wenyeji wakasema kaeni nayo. Mtemi akashika kichwa.

Mihayo akaja na ungo, polepole, kwa heshima zote. Alipofika katikati, paa! Ungo chini. Vigae vikapasuka, na kila kimoja kilitoka vipande viwili. Si vitatu, si vinne. Viwili. Kwa nini viwili? Msiniulize mimi. Wala msiniulize alikuwa na kazi gani asubuhi ile na jiwe lake la kunolea mishale.

"Mihayo," akasema mtemi, "umevunja vibali vya nchi."

"Mkono umeteleza, baba mtemi, nisamehe. Lakini tazama, vinaungana." Akaokota nusu mbili, akazikutanisha, zikakaa sawasawa. "Nusu mpe mwenyeji, nusu mpe mgeni. Nusu zisipokutana, hakuna anayeingia porini. Mgeni achukue pembe na ngozi. Mwenyeji achukue nyama, na chumvi yake aitoe mgeni."

Mwenyeji mmoja mwenye tamaa akadakia. "Vipande ni sita. Basi mbogo sita."

"Nusu kigae ni nusu mbogo, bwana," akasema Mihayo. "Wewe kaue nusu ya nyuma. Habari zako tutaiuliza ile ya mbele, yenye pembe."

Luhaga akaangua kile kicheko chake. Mtemi akacheka. Wenyeji wakacheka, wageni wakacheka, na watu wakishacheka pamoja kununa tena ni kazi. Nusu zikagawiwa. Ya Mihayo ikalingana na ya Luhaga.

"Mwanangu," akasema Luhaga, "shabaha yangu mbovu, lakini chumvi yangu utaisifu."

Wakawinda pamoja. Wakachana nyama, wakaipaka chumvi, wakaianika ikakauka vizuri. Kisha wakavuka milima yote mitatu, na safari hii Luhaga ndiye aliyeimba.

"Nyama iko wapi, kijana?"

"Hii hapa, baba."

Mzee Lugendo akanusa. Akatafuna. Akatafuna tena, amefumba macho. "Kabula," akaita, "njoo ufungashe vyombo vyako, mwanangu."

Kabula alikuwa amekwisha fungasha tangu walipoonekana mlimani.

Kiangazi kilichofuata baraza likakaa tena, wenyeji huku, wageni kule, Mihayo na mkewe mbele. Mtemi hakumpa mtu ungo. Aliubeba mwenyewe. Akafika katikati, akamtazama Mihayo, akauachia.

"Loo," akasema mtemi. "Mkono umeteleza."

Ngano yangu imeiva, nimeiepua. Aliyeshiba anawe mikono, na mwenye njaa bado akawashe jiko lake.