Spika Nyuma ya Pazia

Hebu fikirini ukumbi wa kikundi cha taarabu mjini Tanga, na ndani yake maboksi mawili ya spika ya mbao za mninga, ya zamani na mazuri. Bila hayo kikundi kisingesikika. Moja lilikuwa limenyamaza, karatasi ya spika yake imechanika.

Bwana Mbaruku, tajiri mwenye ukumbi na vyote vilivyomo, aliyataka maboksi yapambe sebule yake.

"Spika hiyo imekufa," alisema, "na hakuna ya kuwekwa badala yake. Nayachukua."

"Basi tuchagulie wewe, mwenye masikio," alisema Bi Zuwena, mwimbaji wao. "Nyuma ya pazia zitaimba spika tatu. Moja mkeo ameniazima, ya redio yenu ya Ulaya. Utakayoisifu itaingia kwenye boksi, na maboksi yatabaki kwetu. Au huijui sauti ya redio yako?"

Wanakikundi walicheka. Bwana Mbaruku akaketi. "Pigeni!"

Ya kwanza ikaimba. "Kopo hilo!"

Ya pili. "Mbuzi mwenye mafua!"

Ya tatu ilipoimba, alifumba macho. "Hiyo ndiyo yangu! Besi kama hiyo maskini hainunui. Nasema mbele ya wote, hakuna mfano wake."

Bi Zuwena akavuta pazia. Ilikuwepo spika moja tu, ile ile iliyochanika, imebandikwa kiraka cha kanga kwa gundi.

"Asante kwa kutuchagulia, bwana. Ukifika nyumbani, naomba ukumbuke jambo moja tu: usimgombeze mkeo. Hajaniazima kitu."