Dume la Galgalo

Isome yote kabla hujaituma, kisha mpelekee yule jamaa yako mwepesi wa kunyoosha kidole.

Galgalo alikuwa tajiri wa ngamia kule jangwani. Kwa desturi ya watu wake, mwenye nacho humwazima asiye nacho ngamia jike: maziwa ni ya aliyeazimwa, ndama ni wa mwenyewe. Na sheria ya kukamua ni moja tu: chuchu mbili za watu, mbili za ndama.

Galgalo alimwazima mjane Talaso ngamia mmoja, na watoto wa Talaso wakanywa maziwa wakashiba. Baadaye ngamia akakonda, nundu ikalala, akawa hasimami mpaka asaidiwe.

Galgalo akawaita wazee. "Huyu mama anakamua zote nne! Ngamia wangu namrudisha zizini leo hii."

"Mzee, mimi nakamua mbili tu," alisema Talaso. Aliogopa sana, maana bila ngamia yule watoto wangelala njaa, lakini hakuyumba. "Kabla ya kunihukumu, mwiteni daktari wa mifugo."

Daktari, Bi. Sadia, alifika akafunua kope za ngamia. Ndani palikuwa peupe.

"Huyu amepungukiwa damu. Tutafute kinachoimaliza." Akaipima damu, akakuta vijidudu. "Hivi huenezwa na nzi wanaouma. Humuuma mgonjwa, kisha humrukia mzima. Talaso, ngamia huyu alichanganyika na wenzake wapi?"

"Sina mwingine. Alipelekwa kwa Mzee Galgalo tu, kupandwa."

Galgalo alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Dume lake, fahari ya jangwa zima! "Mpimeni, mjionee wenyewe!"

Akapimwa. Vijidudu vilevile.

"Mwenye nguvu huweza kuvibeba muda mrefu bila kukonda," alisema daktari. "Ungemrudisha huyu jike zizini bila kupima, usingejua lolote mpaka kundi lote liishe."

Galgalo aliona aibu, na hakuificha. "Talaso, dada yangu, nilikuja kukupokonya, kumbe wewe ndiye umeniokoa. Ngamia abaki kwako, na dawa yake ni juu yangu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mzee. Sasa twende zizini kwako haraka, nzi hawangoji kikao kiishe."

Funzo: Kunawiri si kuwa mzima. Kabla hujamlaumu mwenzako, kipime kwanza kile unachojivunia.