Ndoo Nzito ya Fisi

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wakipika kabla ya kula, ukame uliingia Bonde la Kitumbi ukajifanya mwenyeji. Miti ilikauka, ikakatwa, ikachomwa, mpaka bonde zima likabaki na kichaka kimoja tu, nacho kilikuwa cha Fisi. Basi Fisi akawa mchoma mkaa. Masharti yake yalikuwa mafupi: ukipikia mkaa wake, nusu ya chungu ni yake, tena nusu ya chini, kule vinono vinakojificha.

Aliyeumia zaidi ni Sungura. Watoto wake walishinda na mchuzi mtupu, na kila alipowaona wakilamba mwiko, moyo ulimuuma. Akaanza kutafuta moto usio wa Fisi. Alielekeza karai la kung'aa juani, likamwivishia viazi vizuri sana, lakini vumbi lilipotanda angani viazi vikabaki vigumu. Upepo ulimzungushia jiwe la kusagia, akapata unga; ila unga si ugali. Mto nao ungeweza kuzungusha gurudumu, kama ungekuwapo. Ulikuwa umebaki dimbwi moja, na dimbwi lilikuwa limejaa Bi Kiboko.

"Bi Kiboko," Sungura aliita siku moja, "mbona maji yako yanatoa mapovu na hayako motoni?"

"Ni kinyesi changu kinaoza huko chini, mwanangu. Hebu geukia kule, unanitia haya."

Sungura hakugeuka. Alisogeza kijinga cha moto kwenye mapovu. Pu! Mwali wa buluu uliruka, ukaondoka na nusu ya masharubu yake. Badala ya kulia, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bi Kiboko, kumbe wewe ni tajiri!"

Alikimbilia barazani kwa Simba, na wanyama wote wakakusanyika kumsikiliza.

"Mtukufu, kinyesi kikichanganywa na maji na kufungiwa shimoni pasipo hewa, kinaoza na kutoa gesi. Tutaipitisha kwenye mwanzi mpaka jikoni. Kinachobaki ni mbolea ya mashamba yetu. Kuni zinakwisha, lakini hiki, maadamu tunakula, tutakuwa nacho."

Simba alisimamisha manyoya ya shingo. "Mimi, mfalme, nipikiwe kwa mavi?"

"Lakini yako ndiyo yatakayotangulia, Mtukufu. Nani atathubutu kutia kabla yako?"

Simba alifikiri kidogo, akaona heshima ni heshima, akakubali. Hapo Fisi, aliyekuwa amekaa pembeni na tumbo lake, akauliza kwa upole, "Na moto usipowaka?"

"Usipowaka," Simba alisema, "siku ya karamu ya kuzindua jiko Fisi atawasha mkaa wake, na kitoweo atakuwa Sungura."

Sungura aliwaza watoto wake, akasema, "Nimekubali."

Shimo lilichimbwa, likasiribwa kwa udongo wa kichuguu na kufunikwa vizuri. Pembeni waliliachia mdomo, mfereji wenye mteremko wa kumiminia samadi. Kila asubuhi wanyama walipanga mstari, kila mmoja na ndoo yake. Simba alitangulia, pua juu, kana kwamba amebeba taji. Fisi hakukosa hata siku moja. Ndoo yake ilijaa kinyesi mpaka juu, na alimsalimia kila mtu njiani.

Sungura alifurahi, ila kuna jambo lilimkereketa. Digidigi mdogo alibeba ndoo yake kichwani huku akiimba. Fisi, na miguvu yake yote, alihema na kutokwa jasho chini ya ndoo ileile.

Moto wa kwanza uliwaka, mdogo lakini wa kweli, na bonde zima likapiga vigelegele. Kisha ukaanza kupungua. Asubuhi ya karamu Sungura aliwasha jiko, likakohoa, likanyamaza. Akakimbilia kwenye mdomo wa shimo, akachoma kijiti ndani. Ko! Mawe.

Akaelewa yote mara moja: ndoo ya Fisi, kinyesi juu, mawe chini. Samadi ilikuwa imekwama mferejini, na ndani hapakuwa na kitu cha kuisukuma gesi. Lakini mikono yake ilikuwa mifupi, mfereji ulikuwa mrefu, na jua lilikuwa linapanda. Hofu ilimshika kwelikweli.

Ndipo harufu nzito ya shimo ikapita. Kila mnyama aliyekuwa akipita kwenda karamuni, Bi Kiboko akiwamo, aliziba pua. Fisi peke yake alifumba macho, akavuta pumzi, udenda ukamdondoka.

Masikio ya Sungura yakasimama.

"Taratibu, Bi Kiboko, Fisi asisikie!" alisema kwa sauti ya kumfikia hata kiziwi. "Nyama ya karamu niliificha huku mferejini, chini kabisa. Sasa imeoza yote!"

"Nyama gani?" Bi Kiboko aliuliza, naye hakuwa na habari.

"Imeoza kabisa! Twende tukamwombe Mtukufu radhi."

Hawajafika mbali, Fisi alikwisha kupiga mbizi. Alichimba kwa mikono, akatupa kwa miguu. Jiwe huku, jiwe kule. Simba na wanyama walipofika, walikuta mkia tu ukipepea nje, na pembeni lundo la mawe meusi kwa masizi ya tanuri la mkaa. Bonde zima lilikuwa na tanuri moja tu.

"Fisi!" Simba alinguruma. "Unafanya nini humo?"

Fisi alichomoza kichwa, samadi mpaka kwenye kope. "Nazibua, Mtukufu!"

"Nani amekuambia pameziba?"

Nyuma ya Fisi, mfereji ulitoa sauti ya koo linalomeza. Samadi yote iliyokwama iliteremka kwa pamoja, ikaisukuma gesi, na kule jikoni mwali wa buluu ukasimama wima. Sungura aliruka kwa furaha, akamkumbatia Bi Kiboko.

Siku hiyo watoto wa Sungura walipakuliwa nusu ya chini ya chungu, wakala mpaka wakasahau mwiko. Fisi alihukumiwa kukoroga samadi kila asubuhi, na kichaka chake kikaachwa kiote tena.

Anakoroga mpaka leo, tena kwa bidii ya ajabu, mti wake wa kukorogea ukipekua kila pembe ya shimo. Pua yake inamwambia kwamba ile nyama bado imo humo chini. Wenzake wanajua kuwa haimo, lakini jiko linawaka vizuri mno, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza.