Mbuzi wa Kizibo

Bisha. Wewe uliyekunja uso hapo nyuma, bisha, halafu uniambie nani mwingine kijijini hapa anaweza kukusimulia habari za bunduki ya upepo bila kuanza na uongo. Shule niliitoroka darasa la tano, sawa, lakini macho sikuyaacha dawatini.

Walikuwepo watu watatu. Chilewa alikuwa na jicho: akikutazama ukitembea, anajua kiatu kipi kinakubana. Sechelela alikuwa na pumzi: akiamua kutulia, nzi humtua puani akidhani ni gogo. Mbeleje alikuwa na woga. Usicheke, woga nao ni kipaji. Hapiti mlango kabla hajauliza nyuma yake kuna nini. Chilewa alimbatiza jina: Bi Harusi.

Siku ya mnada, mzee Mwaluko alitundika kizibo cha soda kwa uzi, mbele ya kipande cha bati, hatua ishirini kutoka kwa mfyatuaji. Kila kundi risasi moja. Atakayekitoboa anaondoka na mbuzi wa maziwa. Mbeleje ndiye aliyewavuta wenzake. Mkewe alifariki akijifungua, na mtoto wa miezi minne alikuwa akilishwa uji wa uwele na kuutapika.

Chilewa hakugusa bunduki. Alichuchumaa asubuhi nzima akitazama watu wakikosa, mpaka akacheka peke yake. Wote walikosa kushoto, upana wa kidole. "Mzee kaipinda," akamnong'oneza Sechelela. "Lenga kulia kwa kizibo. Kizibo chenyewe usikitazame, utakipenda bure."

Mbeleje naye hakugusa bunduki. Alisema bati hurudisha risasi, akataka gunia la mchanga likae kati ya bati na kizibo. Mwaluko akamuuliza kama aletewe na mkeka. Mbeleje akaliburuta mwenyewe huku mnada mzima ukimcheka, na gunia likafanya kazi mbili: lingemeza risasi, tena lilikinga upepo uliokuwa ukikichezesha kizibo. Kisha akapanga zamu. Yeye angekaa kando kulilinda gunia; Chilewa asimame nyuma ya Sechelela, na yeyote akiingia mbele, aseme "Shusha," mtutu uelekee chini.

"Na ukiingia wewe?" Chilewa akamchokoza.

"Mimi ndiyo zaidi."

Sechelela akalala kifudifudi, mtutu juu ya khanga iliyokunjwa, kidole nje ya kifyatulio. Akavuta pumzi, akaitoa nusu, akaizuia hapo. Ndipo kidole kikaingia.

Na ndipo gunia likaachia mshono. Mchanga ukamwagika, gunia likakunjamana, upepo ukapita, kizibo kikaanza kucheza. Mbeleje akamkumbuka mwanawe, akausahau woga wake wote. Akachomoka, akapiga goti kando ya shabaha, akashika ncha ya uzi. Sechelela alikuwa haoni kitu duniani ila nafasi ya kidole kimoja kulia kwa kizibo. Hakuna aliyewahi kusema neno. Tak! Kizibo kikatoboka. Risasi ikagonga bati, ikarudi, ikaingia jicho la kushoto la Mbeleje.

Damu haijakauka, ugomvi ukaanza. Chilewa alisema bila yeye wangekuwa wanatoboa hewa. Sechelela alisema kidole ni chake. "Nikimwachia Mbeleje mbuzi, nitakuwa nimekiri kosa. Na kosa sina."

Mbeleje alikuwa amefungwa uso kwa shati. "Jicho silihesabu," akasema. "Nahesabu uzi nilioushika."

"Vizuri," Chilewa akamjibu. "Maana jicho hatukukuomba, ndugu yangu."

Mwaluko akasema mbuzi hagawanywi akiwa hai, akampa Chilewa kamba amshikie hadi wapatane. Hawajapatana mpaka leo, na mtoto bado yuko kwenye uji.

Haya, wenye akili zenu. Aliyeisoma bunduki, aliyefyatua, au aliyeshika uzi: wewe mbuzi ungempa nani?

Ngoja, usijibu bado. Chilewa ni mimi, na huyo anayelia nyuma ya nyumba ndiye mbuzi mwenyewe. Kuna kipande nimekiruka. Nimesema hakuna aliyewahi kusema neno. Mimi nilikuwa na muda. Nilimwona Mbeleje tangu anainuka, hatua nne nzima, na alipoushika uzi Sechelela alikuwa bado hajafyatua. Neno lilishafika kwenye meno. Lakini kizibo kilikuwa kimetulia, kimetulia vizuri mno.

Nikalimeza.